Malalamiko Kuhusu Santuri Inayosema Maneno Yote

Halifax, Yorkshire
Jumatatu, 11 Machi 2024

Kwa Bi. Philippa Lorne,
Mhariri, jarida la Sindano na Mfereji

Mheshimiwa Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wote mnaofanya kazi hapo jaridani, pamoja na Bwana Rupert Tindall, ambaye ningependa imkute mzima lakini awe ameketi.

Mimi ni Clifford Haigh, mwenye umri wa miaka sabini na minne, fundi mstaafu wa mitambo ya kiwanda cha mazulia. Nimekuwa msomaji wenu tangu jarida lilipokuwa kurasa nane zilizobanwa kwa pini. Sijawahi kulalamika. Hata mlipochapisha picha ya gramafoni ikiwa imegeuzwa juu chini nilinyamaza, nikasema kila binadamu huchoka. Lakini katika toleo la Januari Bwana Tindall ameandika kwamba chapa mpya ya *Taa za Kiwandani*, albamu ya kwanza ya bendi ya Pewter Lane, "inaipita chapa ya mwaka 1971 kwa kila hali." Kwa sababu ya maneno hayo mke wangu, Glenys, aliinunua akanipa zawadi ya siku yangu ya kuzaliwa tarehe mbili Februari. Tangu siku hiyo nyumba hii haina amani. Naomba uniruhusu nitoe malalamiko yangu kwa mpangilio, maana nimezoea kazi ya mitambo, na mtambo hufunguliwa skrubu moja baada ya nyingine.

1. Chapa mpya ina ukimya mwingi kupita kiasi. Katika nakala yangu ya awali, kati ya wimbo na wimbo kuna sauti kama ya mayai yanayokaangwa jikoni kwa jirani. Sauti hiyo inampa msikilizaji matumaini kwamba kuna kitu kinakuja. Katika chapa mpya hakuna kitu. Siku ya kwanza, wimbo wa pili ulipokwisha, niliinuka kwenda kuangalia kama umeme umekatika. Mara ya pili nilimsikia Glenys akinisema kutoka chumba cha pili, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo mtu akinunua kijiko kipya cha supu nacho atakilinganisha na cha zamani." Kwa miaka hamsini sikuwahi kusikia maneno ya namna hiyo wakati wa kubadilisha wimbo. Sasa nashindwa kujua ni mangapi yalinipita.

2. Unasikika upumuaji wa mpiga gitaa la besi. Sikumjua mtu huyu, na sioni kwa nini nijue hali ya mapafu yake.

3. Sasa nafika kwenye jambo zito, nami nakuomba uwaite wenzako wasikilize. Kampuni iliyotoa chapa mpya imeongeza maneno ndani ya wimbo.

Wimbo wenyewe ni ule wa mwisho upande wa pili, unaoitwa "Asubuhi." Kila mwenye nakala ya haki anajua kiitikio chake. Mwimbaji anasema, "Nitakuacha," kisha kuna kishindo kidogo cha ngoma, halafu anamalizia, "asubuhi." Basi. Ni mwanamume mgumu, anaondoka, wala hatoi sababu. Niliinunua santuri hiyo Oktoba 1971, siku moja na rafiki yangu Terence Boothroyd, kila mmoja nakala yake, kutoka sanduku lile lile la duka lile lile. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja. Gramafoni sikuwa nayo mpaka Januari; kwa miezi mitatu nilikuwa naangalia jalada tu, huku Terence akienda kusikiliza yake kwa dada yake kule Brighouse. Nilipopata gramafoni na kusikia "Nitakuacha, puh, asubuhi," nilisema moyoni kwamba huu ndio muziki wa roki.

Katika chapa mpya, Mheshimiwa Mhariri, mwimbaji huyo huyo, kwa sauti ile ile, anasema hivi: "Nitakuacha ulale, mpenzi, miguu yako imechoka, nami nitakuletea chai asubuhi."

Niliisikiliza mara tisa. Glenys alikuja akasimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Anasemaje huyo?" akauliza.

"Kampuni imemharibu," nikasema.

"Rudisha kidogo."

Nikairudisha. Akasikiliza kiitikio chote, akaketi kwenye kiti changu, jambo ambalo si desturi.

Ni lazima nieleze kwamba tulicheza wimbo huu kwenye harusi yetu, Aprili 1972, katika ukumbi wa kanisa la Methodisti. Santuri ilikuwa nakala yangu. Marehemu mama mkwe wangu, Bi. Blodwen, alikuwa amesafiri kutoka Bala, Wales, na kofia mpya. Alimsikia mwimbaji akitangaza mbele ya wageni wote kwamba atamwacha binti yake asubuhi. Kwa miaka kumi na tisa iliyofuata, mpaka anafariki, hakunitaja kwa jina. Aliniita "huyo wa asubuhi." Aliniuliza kwa posta, kila Krismasi, kama bado nipo. Sasa kama Bwana Tindall anasema kweli, na maneno ya chai yalikuwemo tangu mwanzo, basi niliadhibiwa miaka kumi na tisa bila kosa. Hilo haliwezekani. Kwa hiyo maneno yameongezwa.

Nilimuuliza Glenys kwa nini yeye mwenyewe alikubali wimbo ule harusini. Alisema, "Nilidhani unajifanya jasiri. Nilikuonea huruma."

4. Nilitaka haki itendeke kwa utaratibu, kwa hiyo nilipeleka shauri mbele ya chama chetu cha wasikilizaji, ambacho hukutana Jumatano katika chumba cha juu cha baa moja hapa mjini. Tuko wanachama tisa. Mwenyekiti wetu ni Bi. Hilary Snape, aliyefundisha hesabu miaka thelathini, na ambaye hapendi mtu aseme "nahisi." Alitundika blanketi mbele ya gramafoni na kusema atapiga wimbo wa kwanza wa upande wa kwanza kutoka nakala mbili, yangu ya awali na ile mpya, nasi tuandike kwenye karatasi ipi ni ipi.

Sampuli ya kwanza ilikuwa baridi, nyembamba, kama mtu anayeimba ndani ya ndoo. Niliandika: chapa mpya, aibu tupu. Sampuli ya pili ilikuwa na joto la mkate unaotoka tanurini. Niliandika: hii ndiyo yangu, ningeijua hata nikiwa usingizini. Nilipiga mstari chini ya neno "usingizini."

Bi. Snape aliondoa blanketi. Sina haja ya kueleza zaidi. Itoshe kusema kwamba blanketi lilikuwa la sufu, na sufu hubadilisha sauti, na nilimwomba aandike hivyo kwenye kumbukumbu za mkutano. Alikataa.

Terence alicheka. Wote walicheka, lakini Terence alikuwa karibu yangu. Akasema, "Cliff, bwana, mimi nilikwambia mwaka 1974. Nakala yangu ina maneno ya chai. Ulikuja kwangu ukayasikia, ukasema nimeuziwa santuri mbovu."

"Ni mbovu," nikamwambia. "Ilikuwa mbovu siku ile na ni mbovu leo, na masikio yako ni mabovu pia, na mtu aliyesikiliza kitu kibovu miaka hamsini hana haki ya kucheka."

Nilitegemea anijibu. Tumejibizana hivyo tangu tukiwa na nywele. Lakini Terence aliacha kucheka, akavaa koti lake akashuka ngazi. Bia yake aliiacha nusu. Bi. Snape alisema, "Bwana Haigh, hilo nitaliandika kwenye kumbukumbu."

Terence huja kwetu kila Alhamisi kula pai ya nyama na mbaazi na kusikiliza santuri. Tangu mkewe Sylvia afariki hajakosa, isipokuwa mara moja alipovunjika mguu, na hata hapo alipiga simu kutoka hospitali kuuliza tunapiga nini. Sasa amekosa Alhamisi tatu. Glenys anaendelea kutenga sahani tatu. Mimi nakula vipande viwili, si kwa raha.

Namhesabia Bwana Tindall jambo hili pia.

5. Kila siku saa moja asubuhi, Glenys hasogei kitandani. Ananiambia, akiwa amefumba macho, "Cliff, santuri imesemaje?"

Nami nashuka ngazi. Leo ni asubuhi ya thelathini na saba. Nimejifunza birika liko wapi. Nimejifunza kwamba mke wangu hunywa chai na maziwa kidogo sana, na kwamba kwa miaka hamsini na miwili nimekuwa nikimpa, zile siku chache nilizompa, chai yenye rangi ya sahani. Akinywa huimba kidogo kwa Kiwelsh, wimbo usio na ngoma hata kidogo. Nimeketi pale pembeni ya kitanda nikiwa na baridi, nimekosa taarifa ya habari ya redio, namsikiliza. Nani atanirudishia taarifa zangu za habari?

Kwa sababu hizo naomba kwa heshima zote jarida lako lifanye yafuatayo. Kwanza, lichapishe masahihisho ya makala ya Bwana Tindall, kwa herufi zile zile kubwa. Pili, liishauri kampuni ibandike karatasi juu ya kila jalada yenye maneno: ONYO, SANTURI HII INA MANENO YOTE. Tatu, kwa ajili ya wazee tuliozoea, itolewe chapa maalumu ambayo sindano inaruka mahali panapostahili, ili mtu mwenye ndoa ya muda mrefu apate kuchagua. Nne, kama itathibitika kuwa maneno ya chai hayakuongezwa, basi mtu mwenye mamlaka aandike barua kwa ukoo wa Bi. Blodwen kule Bala, aeleze kwamba sikuwa na nia ya kuondoka, wala sikuwa na mahali pa kwenda.

Nikisubiri hatua zako za haraka, naomba unifikishie salamu kwa wapiga chapa, kwa mama anayepokea simu hapo kwenu, ambaye amenivumilia mara nne, na kwa Bwana Tindall. Glenys anawasalimu. Ameniomba niongeze kwamba anawashukuru pia, lakini nimemwambia hii si barua ya aina hiyo.

Wako katika usikivu,

Clifford Haigh
Mjumbe wa kamati ya chama cha wasikilizaji (amesimamishwa wiki mbili)

Nyongeza, Ijumaa, 15 Machi:

Barua hii imekaa mezani siku nne kwa kukosa stempu, na katika siku hizo mambo yametokea ambayo naona ni haki uyajue.

Jana Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Terence alikuja kwa mlango wa jikoni. Alikuwa ameshika nakala yake ya *Taa za Kiwandani* ndani ya mfuko wa duka. Hakutaka kuvua koti.

"Cliff," akasema, "hii ni yako."

Nikamwambia yangu ipo pale kwenye rafu.

"Ile ya kwenye rafu ni yangu. Niliiangusha kwa dada yangu, wiki ya pili tu baada ya kununua. Ikakwaruzika upande wa pili, wimbo wa mwisho, sindano ikawa inaruka maneno. Wewe hukuwa na gramafoni. Nikasema nibadilishe na yako, sitakosa kukwambia kabla hujanunua gramafoni. Halafu ukanunua, ukaipenda santuri vile vile ilivyo. Ukaipeleka harusini. Pale nikaona nimechelewa."

Nilimuuliza kama alikuwepo ukumbini siku ile Bi. Blodwen aliposhika kofia yake na kutoka nje.

"Nilimfungulia mlango," akasema.

Mheshimiwa Mhariri, nilikuwa na haki ya kumfukuza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini Glenys alikuwa ameegemea sinki, anacheka hadi machozi yanamtoka, hawezi kusema, anamwonyesha Terence kiti kwa kidole. Terence akaniangalia kama mtu anayesubiri matokeo ya daktari. Nikaona miaka hamsini na miwili ya Alhamisi, na mtu huyu akija kila wiki kuketi mita mbili kutoka kwenye ile santuri, asiweze kuimba kiitikio. Sikuwahi kugundua kwamba alikuwa haimbi.

Nilimwambia avue koti, pai inapoa.

Baadaye tulipiga nakala aliyoileta, ambayo ni yangu, na ile mpya, moja baada ya nyingine, bila blanketi. Nasikitika kukuarifu kwamba hatukuweza kuzitofautisha. Terence aliimba kiitikio chote. Sauti yake ni mbaya sana.

Kwa hiyo tafadhali futa lalamiko la tatu, la nne na la tano, na ombi la kwanza mpaka la tatu. Lalamiko la kwanza nitalifikiria. La pili libaki. Bado nasikia mapafu ya yule mtu. Ombi la nne naomba lishughulikiwe haraka, na jina la Terence Boothroyd litajwe kikamilifu.

Mmetangaza kwamba albamu ya pili ya Pewter Lane itatoka kwa chapa mpya mwezi Novemba. Tuwekee nakala mbili. Moja iandikwe jina langu, kwa wino usiofutika, kabla haijatoka huko kwenu.

C. H.