Tarumbeta Langu na Farasi wa Bwana Harusi

Jumatatu, 8 Januari
Nimepata kazi kwenye filamu! Ya harusi, ya kuchekesha na kuliza, inapigwa picha hapa hapa Mumbai, mtaa wa Goregaon. Mimi ni mpiga tarumbeta katika bendi ya bwana harusi. Nimepangwa mstari wa mbele, kando ya Tiwari mwenye ngoma, anayejidai ameonekana kwenye filamu kibao. Mgongo wake, labda. Dada Zarine, msaidizi wa mwongozaji, kasema tusipige hata kidogo: wimbo umesharekodiwa, sisi tuvimbishe mashavu tu. Mashavu! Mimi niliyepuliza harusi zote za mtaa wa Dadar! Nimeapa moyoni kwamba nchi nzima itaujua uso wangu. Mama keshawatangazia majirani wote wa jengo letu, kwa hiyo kurudi nyuma hakuna.

Jumanne, 9 Januari
Nimejaribu kuikonyeza kamera. Mpigapicha akasimamisha kila kitu, akauliza yule wa tarumbeta ana nini jichoni. Nikaletewa maji ya kunawa! Tiwari kacheka mpaka kilemba kikamdondoka. "Kaka Pednekar," akaninong'oneza, "wewe ni nyota. Nyota ya mchana." Tumehamishiwa mstari wa nyuma sote wawili, mimi kwa jicho, yeye kwa kicheko. Wananionea wivu, hakuna kingine. Tena huko nyuma ndiko anakofuata farasi wa bwana harusi. Yaani nimesogezwa karibu na nyota mwenyewe. Hawajui walichofanya.

Jumatano, 10 Januari
Siku kubwa! Udayan Lamba, nyota wetu, juu ya farasi mweupe, shada la maua limemfunika uso, anapelekwa kuoa asikotaka. Wimbo ukafunguliwa kwenye spika. Mtamu, mtamu! Mtu gani mwenye damu angevimbisha mashavu tu? Nikavuta pumzi. Nikapuliza kweli.
Sikujua farasi hapendi sauti ya juu.
Akachomoka na bwana harusi, akapita katikati ya meza ya jalebi, vile vitamu vya shira, Lamba ananing'inia shingoni huku akimwita mama yake. Dada Zarine kanishika sikio (mtu mzima mimi!), akadai nifukuzwe saa ile ile. Nilimfikiria mama na majirani wake. Lamba akashuka, shira mpaka kwenye nyusi. Kumbe anacheka! Akamwambia mwongozaji kwamba hajawahi kuogopa kikweli mbele ya kamera, na kipande hicho kikikatwa asitafutwe tena. Hakikatwi! Nimewaokolea filamu. Shukrani sikupewa, ila sura zao zilionyesha.

Ijumaa, 7 Juni
Filamu imetoka. Jengo zima tumeingia ukumbini, mama na sari yake ya hariri. Kufika kipande cha farasi, watu walicheka mpaka wakasimama, miluzi kila kona. Na uso wangu? Nyuma ya tarumbeta! Tarumbeta pana la shaba, linang'aa, limejaa kwenye skrini. Kando yake Tiwari, macho yamemtoka, anaonekana safi kama picha ya pasipoti. Jirani yetu, Bi Malati, akaniuliza kwa upole kwani mimi niko wapi.
"Si huyo hapo nyuma ya tarumbeta!" Mama kasimama, kapaza sauti. "Vidole vile nimevizaa mimi!"
Ukumbi mzima ukageuka. Wakapiga makofi. Macho yakanilowa. Vumbi la viti, bila shaka.

Jumapili, 9 Juni
Tiwari anasimamishwa barabarani, watu wanataka kupiga naye picha. Kwa ngoma ambayo hata hakuipiga! Mimi majirani wananiita Uso wa Shaba. Jina nimelipokea kama cheo. Wangapi hapa jengoni wana cheo?
Leo Dada Zarine kapiga simu. Kuna filamu nyingine, ya huzuni tupu. Kasema kanitafutia nafasi ambayo hata mimi siwezi kuiharibu: maiti. Nalazwa katikati, uso wazi, wimbo mzima wa maombolezo unaimbwa juu yangu! Kaniapisha nisitikisike. Nimeapa kwa roho safi.
Lakini jamani, maiti ya kulala tu kila mtu anaiweza. Yangu itakohoa.