Mwendo wa Risasi ya Mwalimu Mutai

Jumatatu, 6 Oktoba

Kuna jambo kuhusu kulungu wa mwaka jana ambalo nimewaficha watu wote: binti yangu, mchungaji wetu, na hasa Wainaina. Leo daktari wa moyo ameniambia nisipange mambo ya mbali. Nina miaka themanini na mitatu. Sitaki kwenda kaburini na jambo hilo. Nitaliandika humu, wazi, bila kulipamba.

Lakini kwanza nieleze habari yenyewe, lisije likaeleweka vibaya.

Novemba iliyopita watu watatu wa kanisa letu la Springfield tulikwenda kuwinda magharibi mwa Virginia. Mimi, mwalimu mstaafu wa fizikia. Wainaina, karani mstaafu wa reli kutoka Nakuru, miaka sabini na minne, bado anajiita kijana. Na Ismaël, mtu wa Bukavu anayefanya kazi ghalani Landover. Gari ni lake na bunduki zote hulala kwake, kwa sababu Chebet, binti yangu, hataki kuiona yangu nyumbani mwake.

Kulungu akatokea. Mimi na Wainaina tumekaa bega kwa bega. Tukahesabu kwa kunong'ona: moja, mbili, tatu. Kulungu akaanguka. Tundu moja. Risasi imepita na kutokea upande wa pili, haikupatikana. Wainaina akasema ni yake. Nikasema ni yangu. Mtutu wangu ni mrefu kuliko wake, na mtutu mrefu huipa risasi mwendo zaidi. Kwa hiyo yangu ilifika kwanza, yake ikapita hewani kulungu akiwa tayari anakwenda chini. Ismaël alikuwa nyuma yetu. Akasema yeye alisikia mlio mmoja tu. Nikamweleza kwamba huo ndio ushahidi kuwa tulifyatua pamoja.

Nyama ililiwa kanisani. Pembe ziko kwa Ismaël, kwa kuwa hana upande. Jumapili ya Wanaume, tarehe 19, zitatundikwa ukumbini pamoja na kibao cha shaba chenye jina la aliyemuua. Jina moja. Imeundwa kamati ya kuamua. Wajumbe: mimi, Wainaina, na Ismaël ambaye ni mwenyekiti na pia katibu.

Nimeishi nchi hii miaka kumi na tisa. Vitu vyenye jina langu ni kadi ya bima na chupa za dawa. Kibao hicho nakitaka.

Kamati imepitisha pendekezo langu. Mwendo wa risasi zetu upimwe, na mwenye risasi ya kasi zaidi ndiye mwenye kulungu. Kipimo nitakitafuta mimi. Wainaina amesema hana neno, mradi nisilete kipimo kilichosoma darasa moja na mimi.

Lile jambo nitaliandika kesho.

Jumatano, 8 Oktoba

Jana sikuandika. Nilikuwa nasoma kuhusu kronografu, yaani vile vipimo vya mwendo wa risasi. Somo pana.

Ipo ya rada. Kisanduku kidogo, unakiweka kando ya bunduki, kinaifuata risasi chenyewe. Safi sana. Bei yake ni ya jokofu jipya. Kadi yangu ya benki anaishika Chebet tangu nilipoagiza ile darubini. Ipo ya sumaku, hufungwa kwa mkanda kwenye mtutu. Mbao ya bunduki yangu inakwenda hadi karibu na mdomo, hakuna pa kufungia. Ipo ya macho mawili. Risasi inapita juu ya jicho la kwanza, saa inaanza. Inapita juu ya jicho la pili, saa inasimama. Umbali gawanya kwa muda. Fizikia ya kidato cha pili. Hii ndiyo ya watu wa kipato changu.

Wanunuzi wanaisifu. Baadhi wanakiri kwamba walikosea wakakipiga risasi kipimo chenyewe. Wazembe. Nimecheka mpaka kikohozi kikanishika.

Chebet ni muuguzi, anasikia kikohozi hata akiwa gereji. Akaja, akataka kujua nasoma nini. Nikasema natafuta kipimo cha mwendo. Mwendo wa nini? Wa damu, nikasema. Damu ina mwendo, kwa hiyo si uongo kamili. Alifurahi kupita kiasi. Alisema, "Baba, hatimaye unaujali moyo wako." Akaleta mashine ya presha, akanipima mara tatu. Mara zote tatu ilikuwa juu. Sasa nimekatazwa chumvi.

Lile jambo linahitaji akili tulivu. Si leo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimegundua kwamba simu inaweza kufanya kazi hiyo bure. Inasikiliza mlio wa bunduki, kisha inasikiliza risasi ikigonga bamba la chuma. Unaiambia umbali, yenyewe inakokotoa. Kwa nini mtu anunue chochote?

Nikamwomba Ismaël anipeleke kwenye uwanja wa shabaha leo mchana, akiwa hana zamu. Nilimwambia Chebet tunakwenda kumwona mgonjwa. Ismaël aliuliza njiani ni mgonjwa gani, maana na yeye ameulizwa. Nikamwambia aseme ni mimi.

Uwanja ulikuwa umejaa. Kushoto kwetu kijana na mkewe, kulia kwetu mzee mwenye bunduki kama ya vita. Wote wanafyatua wanavyotaka. Simu haikujua mlio upi ni wangu. Mara ya kwanza ilisema risasi yangu inakwenda polepole kuliko baiskeli. Mara ya pili ilisema risasi yangu ilifika kabla haijaondoka.

Ismaël alisema, "Papa Mwalimu, hiyo ya pili tumpelekee Wainaina. Voilà, umeshinda." Nilifikiria kwa muda. Lakini Wainaina alikuwa mtu wa reli. Gari moshi lililofika kabla ya kuondoka asingelikubali.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimepata kronografu ya macho mawili, iliyokwishatumika, kwa bwana mmoja wa Fairfax. Ismaël ameichukua akitoka kazini. Nimeilipia kwa bahasha ya siku yangu ya kuzaliwa, ambayo Chebet hakuihesabu. Upande mmoja ina mchubuko mrefu uliochimba plastiki. Mwenyewe alimwambia Ismaël iliangushwa tu.

Niliiunganisha mezani jikoni Chebet akiwa kazini. Fito nne, vivuli viwili vyeupe vya plastiki vya kuyasaidia macho yaione risasi, kioo cha namba. Nikataka kuijaribu. Risasi siwezi kufyatua jikoni. Nikachukua maharagwe, nikawa nayarusha juu ya macho moja moja. Haikusoma kitu. Taa za jikoni zinaichanganya. Nikazima taa, nikafungua pazia, nikarusha tena. Ikasoma. Harage langu la tano lilikwenda mita saba kwa sekunde. Kwa mkono wa mtu wa umri wangu, si haba.

Chebet akaingia. Alibadilishiwa zamu. Akakuta taa zimezimwa, maharagwe sakafuni, mimi nikiandika namba. Hakufoka. Aliketi, akanishika mkono, akaniuliza kwa upole sana leo ni siku gani, tuko jimbo gani, na nihesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa kupunguza saba. Nilihesabu mpaka mbili. Nikamwambia inayofuata ni hasi tano na nikauliza kama niendelee. Akasema inatosha.

Ilibidi nimwambie kipimo ni cha nini. Akasema, "Baba, pembe za mnyama?" Nikasema ni suala la ukweli wa kisayansi. Akasema ukweli wa kisayansi ni kwamba moyo wangu unafanya kazi nusu, na kama naona raha kumbishia Wainaina basi nimbishie nikiwa nimekaa.

Ningeweza kumwambia lile jambo pale pale. Lakini alikuwa anaokota maharagwe. Haikuwa heshima.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku ya kupima. Kamati nzima uwanjani. Mawingu mepesi, na huo ndio mwanga ambao macho ya kipimo hupenda. Wainaina alikuja amevaa tai. Aliitazama kronografu kwa mbali, akauliza kama hiyo ni ya kupima mwendo au ya kuanika soksi.

Alipiga yeye kwanza. Kioo kikasoma 2,700. Futi kwa sekunde. Ismaël akaandika kwenye kumbukumbu za kikao.

Nilibonyeza kitufe, nikageuza kipimo kuwa mita. Nimefundisha miaka thelathini na minne kwamba futi ni za kuchimbia makaburi. Sitakufa nikisoma futi. Nikakaa, nikaegemea mfuko wa mchanga, nikafyatua. Kioo kikasoma 840.

Wainaina alisogea, akainama, akasoma mara mbili. Akaniwekea mkono begani. "Pole, Mwalimu. Yako ilikuwa bado njiani kulungu ameshachomwa."

Nikaeleza kwamba hizo ni mita. Ismaël alikuwa ameshaandika 2,700 na 840, na Wainaina akapendekeza kumbukumbu zipitishwe. Ismaël akaunga mkono. Nikapinga. Ismaël akasema kwa masikitiko kwamba mwenyekiti angependa kunisaidia, lakini kumbukumbu zikishapendekezwa na kuungwa mkono haziguswi mpaka kikao kijacho. Nimekaa kwenye vikao vya walimu maisha yangu yote. Najua ana haki. Utaratibu huo niliuingiza mimi kwenye chama chetu.

Basi nikaomba nipige ya pili, wastani upatikane, na kipimo kirudishwe kwenye futi mbele ya mashahidi. Wakakubali. Nililenga katikati ya fito. Mikono yangu ikalenga chini kidogo. Kile kivuli cheupe cha kwanza kiliruka, kisha kioo kikapasuka, kisha ikawa kimya. Msimamizi wa uwanja alikuja kutazama. Akasema hutokea kila mwezi.

Wainaina hakucheka. Nilimsubiri acheke. Alisaidia kuokota vipande, akauliza kama kifua kinaniuma.

Kikao kijacho ni kesho baada ya ibada. Nimeandaa ubao.

Jumapili, 19 Oktoba. Jioni

Niliandika ubaoni ukumbini, mbele ya wanaume wote na chai yao: mita moja ni futi 3.28. Nikaanza kueleza. Chaki ilikuwa inaniponyoka. Wainaina akasimama. Nilidhani anakuja kunipinga. Alikuwa ametoa simu, amezidisha mwenyewe.

Alisema yeye ni mtu wa reli, na namba haina kabila. Mia nane na arobaini za Mwalimu ni futi elfu mbili mia saba hamsini na kitu. Zinazidi zake. Alipendekeza kumbukumbu za jana zisahihishwe na kulungu awe wa Mwalimu Mutai. Kisha akasema, bila mtu kumwuliza, kwamba katika maisha yake hajawahi kuua mnyama mwingine, na kwamba wajukuu wake Nakuru wana picha yake na zile pembe. Atawapigia leo awaeleze ukweli. Akaketi, akamwaga chai kidogo kwenye tai.

Ismaël aliunga mkono. Ikapita.

Nikaitwa kutoa neno la shukrani. Nilisimama nikiwa nimekusudia kulisema lile jambo. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa. Lakini watu walikuwa wanapiga makofi, na Chebet mlangoni alikuwa ananipiga picha, anafuta macho. Nikasema nashukuru, na kwamba kwenye kibao herufi ziwe kubwa, na mbele ya jina liwekwe neno Mwalimu.

Kila mtu alinipa mkono. Wainaina alinipa wa mwisho. Alisema, "Sasa upumzike, Mwalimu." Nikamwambia risasi yake pia haikuwa mbaya.

Chebet amefurahi hata amenirudishia kadi ya benki kwa jioni moja. Nimeagiza ile ya rada. Itafika Alhamisi. Wainaina anaweza kukata rufaa kwamba futi hamsini zimo ndani ya makosa ya kipimo, na kwa kweli zimo. Lazima niwe tayari.

Sasa lile jambo. Nimechoka, kwa hiyo kwa ufupi.

Siku ile ya kulungu, hesabu yetu ilipofika tatu, nilivuta triga na haikusogea. Kifungio cha usalama kilikuwa kimefungwa, nilisahau kukifungua. Mlio ulikuwa wa Wainaina. Risasi yangu niliitoa nzima nyuma ya gari, nikaitia mfukoni mwa koti, nikarudi kubishana.