Maji ya Mama Mkwe Chumbani Mwangu

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya mama mkwe. Na hata hajawa mama mkwe bado!

Niko Naivasha, kwenye nyumba ndogo ya mbao kando ya ziwa. Ni ya mjomba wake Wafula, mchumba wangu. Hakuna stima, ni sola tu. Hakuna jirani. Maji ni ya mvua, yako kwenye tangi dogo nyuma ya nyumba. Ziwa liko pale pale, lakini lina viboko, kwa hivyo hakuna anayethubutu kwenda kuteka.

Wafula alituleta jana, mimi na mama yake, kisha akarudi kazini Nairobi. "Mzoeane," akasema. Kuzoeana gani? Mama ametoka Bungoma kuja kunikagua. Akinikataa, wazee wao hawaji kwetu kuposa. Alilisema hilo wazi, tukiwa bado ndani ya gari.

Sikulala vizuri. Alfajiri nikasikia maji yakitiririka kwenye bomba (kumbe ni Mama tu alikuwa ananawa uso). Sasa, mimi nimezaliwa Nairobi, mtaa wa Tena. Kwetu ukisikia maji asubuhi, hufikirii. Unaruka kitandani, kwa sababu yakikatika yatarudi siku yakitaka yenyewe.

Nikaruka. Nikajaza ndoo. Nikajaza madumu, mabeseni, sufuria, birika, hadi lile sanduku la kuwekea soda baridi. (Gambuti za mjomba, zile buti za mpira, niliziangalia. Sikuzijaza. Nina heshima zangu.) Kisha nikabeba kila kitu chumbani kwangu nikarudisha mlango, maana kwenye ploti yetu ya wapangaji wengi maji ukiyaacha nje ni ya wote.

Nilijisikia mke kabisa! Nikawaza, leo Mama ataona mwanamke mwenye bidii.

Mama akaingia kuoga. Baada ya muda mfupi nikasikia sauti.

"Mercy! Maji imepotea! Na niko na sabuni kwa macho!"

Mungu anisamehe, nilifurahi. Badala ya kujiuliza yamekwenda wapi, nilifurahi! Nikageuka kumletea ndoo, lakini Mzee Njoroge, mlinzi wa hapa, alikuwa ameshafika. Akagonga tangi kwa ngumi. Likalia tupu.

"Jana ilikuwa na maji ya wiki mzima," akasema. "Lazima kuna paipu imepasuka."

Maji ya wiki nzima yalikuwa chumbani kwangu.

"Mzee, hizi paipu za siku hizi..." nikaanza. Sikumaliza. Lile sanduku la soda lilikuwa linavuja, na maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango wangu, unaofungukia huko nyuma, polepole, yakielekea kwenye viatu vya Mzee.

"Ni huku!" akapiga kelele. "Imepasukia ndani!" Akausukuma mlango.

Mama naye akatoka bafuni, leso kifuani, povu hadi masikioni, jicho moja wazi. Wakasimama mlangoni wote wawili. Ndoo zimepangwa kando ya ukuta. Sufuria zimefunikwa kwa sahani. Birika iko kitandani, kwenye mto wangu.

Mama akaziangalia ndoo moja moja.

"Mercy," Mama akasema mwishowe, taratibu. "Haya maji ulikuwa unamficha nani? Kiboko?"

Nikasema, "Karibu, Mama," nikampa ndoo kwa mikono miwili.

Ameoga, amevaa, amechukua simu yake akatoka. Mtandao huku unapatikana kilimani tu, na sasa hivi amesimama pale juu anaongea na Wafula. Nimemfuata kwa mbali, ndiyo maana naweza kuwaandikia. Amenipa mgongo. Mabega yake yanatikisika, na kutoka hapa siwezi kujua kama anacheka au analia.

Tafadhali, nyinyi msicheke kwanza. Ngojeni nijue kama yeye anacheka.