Hatuuzi Mpaka Mchina Anunue

Redio ya Darla ilisema maneno manne tu, yakatosha kuvuruga kahawa ya asubuhi: mazungumzo ya ushuru yamevunjika. Wajumbe wa Marekani wametokea mlango huu, wa Uchina wametokea mlango ule, na hakuna aliyesema watakutana lini tena.

"Safi!" Jenerali akaipiga meza kofi, vijiko vikaruka. "Safi sana! Wamefyata mkia!"

"Nani kafyata?" Profesa aliuliza, macho kwenye simu. "Si wamesema wote wameondoka?"

"Sisi tumeondoka, bwana. Wao wamekimbia."

"Tofauti yake nini?"

"Mwendo!"

Breki alicheka mpaka kahawa ikampalia. Kisha akakumbuka kuwa siku hizi hana haki ya kucheka kwenye meza hii, akajifuta mdomo na kutulia.

Meza yenyewe ni ya duara, iko kwenye kona ya sheli ya Darla hapo Wexler, Iowa, kati ya friji ya chambo cha samaki na dirisha. Vikombe vyao vinaning'inia ukutani, kila kimoja na msumari wake, na mgeni akikigusa hata kimoja anaangaliwa mpaka alipie mafuta aondoke. Ilikuwa Januari, baridi ya kugandisha mate, na magari yao yalikuwa yakinguruma nje bila dereva kwa kuogopa kuyazima yasiwake tena.

Jenerali jina lake ni Royce Tjaden. Alikaa miaka minne kwenye meli ya kivita, jikoni. Profesa ni Lowell Knudsen, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku, ila simu yake inajua kila kitu. Breki ni Virgil Dostal. Alipewa jina hilo siku alipoliingiza trekta kwenye uzio wa kanisa la Kilutheri, tena siku ya harusi yake mwenyewe. Wa nne ni Emmett Vosburg, mwenye miaka sabini na moja, anayeitwa Kimya, na sababu ya jina hilo haihitaji kuelezwa.

"Mchina hana haraka," Profesa aliendelea. "Anapanga mambo ya miaka mia. Wewe hapo hujui hata mchana utakula nini."

"Nitakula supu ya maharage na mkate wa mdalasini. Leo Jumatano."

"Haya. Yeye anajua vitukuu wake watakula nini."

"Watakula nini bila soya zetu? Nyama yao ni nguruwe, na nguruwe chakula chake soya. Wakishinda njaa wiki mbili tu, nguruwe watagoma, nchi itasimama!"

"Nguruwe wao wanakula soya za Brazil."

"Nguruwe aliyezoea soya ya Iowa hali ya Brazil. Ataharisha."

"Umemuuliza?"

"Lowell, mimi nimekaa baharini miaka minne. Hao watu nawajua."

"Ulikuwa unamenya viazi, Jenerali."

"Viazi vya vita!"

Darla alipita na birika. "Wazee, teremsheni sauti. Kuna mtu kaja kununua betri, anadhani tumevamiwa."

"Wapiganapo tembo..." Breki alianza.

"Usiniletee nyasi zako hapa!" Jenerali akamkata. "Hakuna nyasi kwenye meza hii. Hapa ni tembo watupu. Au mmesahau tulichokubaliana?"

Hakuna aliyesahau. Wiki moja baada ya Siku ya Shukrani, ile sikukuu ya mwisho wa Novemba, wote wanne walilaza viganja mezani wakaapa kwamba hakuna atakayepeleka kwenye ghala la mnunuzi hata punje moja ya soya mpaka Uchina inunue. Mpango ulikuwa wa Jenerali. Bei ilikuwa imelala chini kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa, na yeye alisema wakulima wanne wakikaza hapa Wexler, Beijing kule watakosa usingizi. Siku hiyo hata Profesa alipiga makofi.

Mpango ulikuwa na tundu moja tu. Katika Wexler mkulima hamuulizi mwenzake kauza lini wala kabakiza kiasi gani. Ni kama kumuuliza mke wake ana kilo ngapi. Basi walikula kiapo ambacho adabu haikuruhusu mtu kukikagua.

Na Breki alikuwa ameuza. Siku ya mazishi ya mama Haugen, mji mzima uko kanisani unakula mikate ya nyama, yeye alisingizia mgongo, akapakia lori na kwenda mpaka Carroway, kaunti ya pili, ili asionekane kwenye ghala la nyumbani. Alirudi na kupakia tena mpaka kihenge chake cha bati, kirefu kuliko nyumba, kikabaki vumbi. Mbegu za masika zilitaka kununuliwa, na mkewe Lorna alikuwa amemtazama kwa namna ambayo haijadiliwi. Tangu siku hiyo kila Jenerali akisema "sisi," Breki aliona haya.

Ndipo Kimya akakohoa.

Wote waligeuka. Kikohozi cha Emmett kilikuwa habari kubwa kuliko za redio.

"Soya zangu zimepata joto," alisema.

"Joto kiasi gani?" Breki aliuliza.

"Nikitia mkono nautoa haraka. Feni ya kihenge imekufa tangu Jumapili. Na zimeanza kunuka."

Hapo hata Profesa aliiweka simu chini. Soya zikipata joto ndani ya kihenge hazikupi muda. Wiki moja zimeshikana bonge, wiki mbili hata huyo nguruwe wa Kichina hazitaki. Na mle ndani mlikuwa na jasho la Emmett la mwaka mzima.

"Nilikuwa naomba mniruhusu niuze," alisema, macho kwenye kikombe. "Kwa sababu nilitoa neno langu."

Jenerali alivuta pumzi, akamwekea mkono begani. "Emmett, mzee wangu. Unajua unachoomba? Ukiuza wewe leo, kesho Beijing wanakata keki."

"Hapa namuunga mkono," alisema Profesa, ambaye asubuhi nzima alikuwa upande wa Uchina. "Mchina anamheshimu anayekaza. Ukilegea wanaandika."

"Wanaandika wapi?" Breki aliuliza.

"Kwenye ile mipango ya miaka mia."

"Ahadi ni deni, Emmett," Jenerali alimalizia kwa sauti ya mahubiri. "Mwanaume ni neno lake."

Emmett aliitikia kwa kichwa taratibu, akachukua kofia yake. "Basi sawa. Nitaingia nizigeuze kwa koleo."

Darla alisimama na birika mkononi. Kila mtu hapo alimjua mtu aliyeingia kwenye kihenge na koleo akafunikwa na nafaka, akatolewa keshakata roho. Breki alimwangalia Jenerali, akamwangalia Profesa, akingoja mmoja wao aseme neno. Jenerali alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari.

"Huingii humo," Breki alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Uza, Emmett. Mimi nimeshauza."

Jenerali aliacha kukoroga.

"Umefanya nini?" Jenerali aliuliza.

"Nimeuza zote. Siku ya mazishi ya mama Haugen. Nilipeleka Carroway. Mgongo wangu mzima kabisa, haujawahi kuuma."

Jenerali alisimama, kiti kikaanguka. "Msaliti! Kumbe tunakunywa kahawa na nyoka! Sisi tunakaza, yeye analegeza! Virgil Dostal, nchi hii inadharauliwa kwa sababu ya watu kama wewe! Kule melini mtu kama wewe..."

"Angemenya viazi," alisema Profesa.

"Nyamaza, Lowell! Siwezi kukaa meza moja na..."

"Royce, kaa," alisema Darla.

"Sikai!"

"Kaa, tulia dawa ikuingie. Dada yangu Nadine anakusalimia."

Jenerali aliokota kiti, akakaa.

"Nadine yupi huyo?" Profesa aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Wa kwenye mizani ya ghala la Carroway. Na wewe anakusalimia."

Darla aliweka birika katikati ya meza. "Mimi si mtu wa maneno. Mnajua kuuza ni siri ya mtu, nikanyamaza. Lakini mzee wa watu aingie kwenye kihenge kwa ajili ya vichekesho vyenu? Haiwezekani. Royce, wewe ndiye wa kwanza, kabla hata ya Krismasi. Ile Alhamisi uliyotuaga unakwenda kung'oa jino, na meno yako ni ya bandia juu na chini. Lowell akafuata Jumatatu, eti anampeleka mkewe kwa shemeji. Nadine ananiuliza, hao watu wenu huko Wexler hawana ghala? Nikamwambia wanalo, ila wako vitani."

"Mkuki kwa nguruwe..." alisema Breki, na hakuona haja ya kumaliza.

Jenerali alijikuna shingo. "Mimi nilikwenda kupeleleza. Kupima hali ya soko la adui."

"Kwa malori saba?" Darla aliuliza.

Siku nyingine wangecheka mpaka kukohoa. Lakini Emmett alikuwa ameketi pale pale, kofia gotini, na Breki aliona aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani kutukanwa ili ipungue. Walikuwa wamemwacha mtu mzima alinde boma ambalo wenyewe walishalihama.

Wa kwanza kusema alikuwa Jenerali, na ujenerali wote ulikuwa umemtoka. "Emmett, ule mtambo wangu wa kunyonya nafaka umeshafungwa kwenye trela. Nusu saa nimefika kwako."

"Nakuja na malori mawili," alisema Profesa, akaitia simu mfukoni.

"Nampigia Nadine asifunge mizani," alisema Darla, tayari anafunga mikate ya mdalasini kwenye karatasi ya fedha. "Na mtu asiingie mle ndani. Nyonyeni kutokea nje."

Walivaa makoti kwa fujo, kila mtu akimpisha mwenzake mlangoni kwa heshima ambayo haikuwahi kuonekana pale. Emmett peke yake ndiye ambaye hakuinuka.

"Ngojeni kwanza nielewe," alisema.

Wakasimama. Baridi iliingia kwa mlango ulioachwa wazi, na Darla hakuthubutu kumwambia mtu aufunge.

"Royce aliuza kabla ya Krismasi. Lowell akauza. Virgil akauza."

"Ndiyo, mzee," alisema Breki.

"Kwa hiyo hii Marekani inayokabana koo na Uchina, inayotangazwa redioni kila siku..." Alikunywa funda la mwisho la kahawa, akakirudisha kikombe mezani polepole. "Ilikuwa ni mimi peke yangu?"

Jenerali alivua kofia.

"Mngeniambia," alisema Emmett. "Ningeshasalimu amri zamani."