Lala Mahali Pema, Asiye na Mzigo Nusu Bei

Jumatatu, 7 Aprili

Theluji inayeyuka. Mapaa yote yanadondosha maji. Majira ya machipuko yameingia rasmi, maua ya manjano yametoka kando ya barabara, na mimi sina mgeni hata wa dawa.

Dada yangu kapiga simu asubuhi. Anakuja Jumamosi, siku gari la waya la kupandia mlimani linapofunguliwa na watalii kumiminika. Akikuta vyumba vyangu vitano vitupu, anauza nyumba. Mnunuzi anaye tayari: Kengele! Ndiye jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mwenye hoteli ya ghorofa, anayewaita wageni wake kwenye chai kwa kengele kama ng'ombe. Nikamuuliza dada nitaishi wapi. Kwake, akasema, kochi lipo. Kochi! Mimi!

Nyumba hii aliijenga baba kwa mikono yake. Baba mwenyewe simkumbuki. Alipanda mlimani nikiwa bado nabebwa mgongoni, hakushuka, na hata picha hakutuachia. Lakini nyumba yake naijua msumari kwa msumari. Nimezaliwa chumba namba moja. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kidogo. Kisha nikapata wazo.

Kengele katundika bango: ukilala kwake unapanda gari la waya bure, unapelekwa kwenye maporomoko ya maji bure, na watoto wanakula bure. Mimi sina cha bure ila maneno. Nimeng'oa mlango wa kabati, nimetafuta rangi iliyobaki, nimeandika kwa herufi kubwa: LALA MAHALI PEMA. ASIYE NA MZIGO NUSU BEI. Hilo la mzigo ni ujanja. Ngazi zangu zimesimama wima na mgongo wangu ni mbovu.

Mpishi wangu, mama mtu mzima asiyepoteza maneno, alisoma akashika mdomo. Akasema hayo huambiwa mtu akishafukiwa. Nikamwelimisha kwamba pema ni pazuri, na pazuri hapana ubaya. Akasema haya, bosi, sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia masikio yangu ni mazima.

Jumanne, 8 Aprili

Kituo kizima cha basi kinacheka. Kengele kavuka barabara mwenyewe, kavaa uso wa huzuni, kunipa pole. Akauliza marehemu ni nani na tunazika lini. Mshenzi! Wageni wake wakatoka barazani kupiga picha bango langu. Nikajipa moyo. Kuchekwa ni kutangazwa.

Alasiri upepo ukalizungusha bango, likaangalia juu mlimani. Ngazi ya kulifikia imevunjika, na fundi anadai kwanza nimsalimie vizuri, tangu nilipompotezea msumeno wake. Nimeliacha. Huko juu nani atalisoma? Njia imefungwa kwa kamba nyekundu tangu kipupwe. Theluji ni ya kiunoni. Hakuna nyumba, hakuna hata mbuzi.

Nimekula viazi vya jana.

Jumatano, 9 Aprili

WAGENI! Watatu!

Wamekuja magharibi, wakiteremka kutoka upande wa kamba nyekundu. Hodi sikuisikia. Nimetoka jikoni nikawakuta wamesimama ukumbini wakinitazama: mwanamke mwenye gauni jepesi, na wanaume wawili waliofungana kamba kiunoni. Mkononi hawana hata mfuko. Bango limesomwa! Nikamuuliza mwanamke wanatoka wapi. Juu, akasema. Nikauliza kama wamekaa sana. Akafikiri, kisha akaniuliza huu ni mwaka gani. Watu wa mjini wakipata likizo hujisahau kabisa.

Wale wa kamba niliwaambia sasa wanaweza kufunguana, wamefika. Wakatazamana. Mmoja akasema hapana, asante, mara ile walifunguana. Sikutaka kuingilia mambo yao. Nimewapa chumba kimoja.

Mwanamke kaomba nizime jiko la kupasha moto na nifungue dirisha lote. Kuni zangu zimepona! Mungu anipe wageni wa namna hii kila mwaka.

Dosari moja: kila walipogusa ukuta pameota barafu. Nitasugua kesho.

Alhamisi, 10 Aprili

Hawali! Mpishi alipeleka chai, mkate na mayai, akarudi na sinia kama lilivyokwenda, akasema chai imeganda vikombeni. Mpishi huyu hupenda kutia chumvi. Nikageuza kikombe kichwa chini. Chai haikutoka. Nimeviweka vikombe juani na saa sita nimeinywa yote mwenyewe.

Kwa adabu hawana mfano. Hawaimbi bafuni, hawaibi taulo, hawavurugi shuka. Nimechungulia kwenye tundu la ufunguo, kwa sababu mwenye nyumba lazima ajue kinachoendelea nyumbani kwake. Mwanamke amelala chali, mikono kifuani, macho wazi. Nikasubiri apumue. Nikasubiri sana. Nikarudi jikoni kukaa karibu na mtu. Nadhani ni upepo wa ukumbini ulionifukuza.

Mpishi kaomba ruhusa ya kwenda kwa binti yake. Kasema ana hofu, tena kaisema mbele yangu bila haya, na macho yalimjaa machozi. Mlangoni akanishika mkono akinisihi twende wote. Nikamwambia aende kwa amani, maana kwa sasa hakuna wa kumpikia. Kaondoka mbiombio mpaka kasahau viatu vyake vya mvua.

Jioni wameshuka wengine wawili: mzee mwenye taa ya chemli isiyowaka, na bibi anayemwita mzee huyo kama aliyempoteza, wakati mzee amekaa hapo hapo ubavuni mwake. Wote bila mizigo, na kila mmoja kataka chumba chake. Chumba kimoja tu kimebaki, kile nilichozaliwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Kimejaa! Lakini nimechukizwa.

Aliyekipata ni kijana, hajafika hata thelathini, viatu vya mtindo wa zamani, theluji mabegani isiyoyeyuka. Sikumwonyesha njia. Alipita ukumbini, akauruka ule ubao wa sakafu unaolia, ambao hata mimi husahau kuuruka, akafungua namba moja kana kwamba ni kwake. Nikangoja anisalimie kama mdogo anavyomsalimia mkubwa. Shikamoo sikuipata. Badala yake kanitazama kwa muda mrefu, akaniuliza: “Umekula, mwanangu?”

Mwanangu! Mimi mwenye mvi! Ndevu zake hata hazijakomaa! Nikamwambia nyumba hii ina heshima zake. Akainamisha kichwa, akasema samahani. Kisha akapapasa fremu ya dirisha, akauliza nani kabadilisha bawaba. Nikamjibu ni mimi, na zimekaa vizuri kuliko za mwanzo. Akakubali kuwa ni kweli.

Nimetafakari. Mtu asiyewahi kufika anawezaje kuijua nyumba hivi? Jibu ni moja. Jasusi wa Kengele! Kaja kupima vyumba kabla ya kununua. Nimeamua kumkazia macho. Nimekaa ukumbini mkabala na mlango wake, yeye kaketi kitandani, tumetazamana mpaka nikachoka. Ana masikio makubwa yaliyochomoza, kama haya yangu. Kwa hilo tu nimemhurumia, maana najua shuleni aliitwaje.

Kengele mwenyewe kaja mpaka ukingo wa barabara, na hapo akasimama. Mbwa wake kagoma kabisa, kalala chini analia. Kengele akapaza sauti kuniuliza wale waliokaa barazani kwangu ni akina nani. Nikamjibu ni wateja, neno gumu kwake msimu huu. Akasema asubuhi hii ya baridi kila mtu anatoa mvuke mdomoni, yeye anatoa, mimi natoa, mbwa anatoa, wale hawatoi. Nikamwambia wivu hauna dawa. Hakunijibu kwa matusi kama kawaida yake. Kaniangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Dada kafika. Mji umejaa, muziki uwanjani, gari la waya linapanda na kushuka na watu wanapunga mikono. Nikampokea nikiwa nimevaa tai. Nikamtembeza mlango kwa mlango kama mwenye makumbusho. Namba tano, wamo! Namba nne, wamo! Kadiri tulivyokwenda, dada akapunguza maneno. Kwa mwanamke wa gauni jepesi akaninong'oneza kwamba ukumbi una baridi ya kaburi. Nikamwambia hiyo ni hewa safi ya mlimani, inalipiwa.

Namba moja akaingia yeye mbele, na sinia la chai.

Sinia likaanguka. Vikombe vyote! Dada akasema: “Baba.”

Nikataka kumweleza kwamba ukarimu una kiasi chake, wageni tunawaita bwana. Lakini alikuwa ameshapiga magoti, kichwa mapajani mwa yule kijana, analia kwa sauti ya mtoto. Kijana akampapasa nywele zake nyeupe, akamwita Kijiko. Sijawahi kusikia mtu akimwita dada hivyo. Dada akaitika.

Nikaokota vigae. Sikujua niweke wapi macho. Yule kijana akasema, taratibu, kwamba nyumba nimeitunza vizuri. Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Vigae vikanikata kidole, nikasema ni lazima niende kuangalia jikoni, na jikoni nikasimama tu nimeegemea ukuta.

Adhuhuri jua likapiga madirishani, nao wageni wakatoka, mmoja mmoja, bila kelele, wakashika njia ya juu. Hakuna aliyelipa! Kijana alikuwa wa mwisho. Kanishika bega. Mkono ule ulikuwa baridi mpaka mfupani, lakini sikutaka autoe. Kasema maneno mawili: “Usinifuate, mwanangu.” Kisha akapita chini ya kamba nyekundu, na theluji haikuacha alama ya viatu.

Dada anasema ndiye baba. Anasema sura ni ile ile, yeye alikuwa na miaka minane baba alipoondoka, hawezi kuisahau. Nimejaribu kumpigia hesabu: mtu wa miaka thelathini hawezi kumzaa mtu wa hamsini. Hesabu hazitaki! Akanikumbatia badala ya kujibu.

Lakini sikiliza habari njema. Nyumba haiuzwi! Dada kasema kamwe. Tena Kengele kampigia simu mwenyewe kujitoa, kasema hata akipewa bure hataki. Ushindi! Nimecheza peke yangu jikoni.

Sharti la dada ni moja tu, nalo la kipuuzi. Kesho nifunge nyumba, nishuke naye kwake mpaka theluji yote iishe. Kasema mlima ulishamchukua mmoja, hataupa wa pili. Nikamwambia sawa.

Jumapili, 13 Aprili

Alfajiri. Sijasema uongo, nilisema sawa tu, sikusema ndiyo.

Nimefikiri sana juu ya yale maneno. Usinifuate. Kwa nini mtu akuambie usimfuate? Mfanyabiashara akikuambia hivyo, jua ana soko lake! Watu wote wale wameshuka kutoka juu, kila siku wanazidi, hawana pa kulala, na huko hakuna hoteli hata moja. Hakuna Kengele! Na kama yule kijana kweli ni baba, basi hiyo ni biashara ya familia na nina haki nayo. Nitamkuta, tutakaa, atanieleza vizuri. Nina mengi ya kumuuliza. Nitaanza na nyumba, halafu nitamuuliza kama alinibeba hata mara moja.

Usiku theluji imeanguka upya. Nyingi, laini, imefuta hata barabara. Bahati iliyoje! Mshindani hatathubutu kutoka leo.

Dada kaficha viatu vyangu. Ana akili, lakini mimi ndiye mdogo wake. Nitavaa vile vya mpishi. Vinabana, ila ni safari fupi.

Nimeweka mlango wa pili wa kabati, bango la huko juu, na kopo la rangi karibu na dirisha. Tatizo limebaki moja. Dada kalala kitini pembeni yangu, na kashika mkono wa koti langu kwa vidole vyake vyote, kama alivyokuwa akinishika tukivuka barabara nikiwa mdogo. Uso wake umechoka. Nampenda sana dada yangu, ila biashara haielewi.

Nimetoa mkono mmoja, taratibu, kisha wa pili. Koti nimemwachia. Sitalihitaji, maana katika wageni wote waliotoka huko, hakuna hata mmoja aliyelalamika baridi.