Masharti Matatu ya Ushujaa

Umma unatangaziwa kwamba kuanzia Septemba 2004 ushujaa hautatolewa tena kiholela. Siku hizi hata mtangazaji wa redio akichekesha watu huitwa shujaa. Kamati yetu ya watu tisa ilikaa Ugiriki majuma matatu ikichunguza chimbuko la mashujaa, nayo imerudi na masharti. Shujaa awe na mzazi mungu. Awe ameshuka kuzimu akarudi. Awe amemaliza zimwi lenye vichwa vingi. Mimi, Katibu, ndiye niliyeyapiga chapa.

Mwombaji wa kwanza alikuwa Peres, mfua nguo wa Kangemi, aliyewatoa watoto wawili wa jirani katika nyumba iliyoshika moto. Mikono iliungua, vidole vikajikunja hata hawezi kukamua shati. Shujaa hutibiwa bure. Asiye shujaa hupewa pole.

"Mzazi wako yupi ni mungu?" nikamuuliza.

"Baba yangu ni Zadock, fundi wa mawe. Alikuwa mtu mzuri, lakini hakuwa amefika hapo."

Nikamwambia alete barua ya chifu. Akaleta, imepigwa muhuri: sisi sote ni watoto wa Mungu. Mwenyekiti wetu, Bwana Wahome, ni mzee wa kanisa, kwa hiyo hakuweza kubisha.

Kisha faili lake likapotelea kwenye ghala la chini ya jengo, ambako hakuna faili lililowahi kurudi. Peres akashuka. Siku ya tatu akapanda, vumbi hadi kwenye kope, faili amelibana kwapani kwa kuwa vidole vilikataa. Nakiri niliona aibu.

"Sasa imebaki zimwi, mama," Wahome akamwambia. "Na barua, usisahau."

"Inafaa kuwa na vichwa vingapi?"

"Vingi."

Barua ya pili ya chifu ilieleza kwamba zimwi limeonekana katikati ya jiji, ghorofa ya saba. Lina vichwa tisa. Huamka kila Jumanne, hula sambusa, na neno lake ni moja tu: kesho. Mama Peres anaomba idhini ya kulimaliza.

Kamati ilicheka sana. Mimi sikucheka. Niliiweka kwenye rundo la Waziri, maana utaratibu ni utaratibu, na Waziri husaini rundo zima kabla ya chai.

Akasaini.

Peres amelazwa hospitalini Westlands, na daktari anasema vidole vitanyooka. Kamati imevunjwa. Jana Wahome nami tulikwenda Kangemi kuomba barua za kutafutia kazi. Chifu alitupa viti, akatusikiliza kwa heshima zote, kisha akasema turudi kesho.