Jipu la Mposaji wa Norwe

Habari ilipotua barazani kwa Zahor Boneti, kwenye gereji yake ya Wadi Kabir, kahawa iliwapalia wote. Kijana anayemposa Wijdan, binti wa Thani, anaishi Norwe, na picha yake imefika: kaegemea gari la umeme, jipu dogo, theluji imemfika magotini. Jawabu ya posa inatakiwa leo, baada ya Magharibi.

Thani hana raha. Kila akifumba macho anamwona mwanawe kakwama mlimani ndani ya friji.

Zahor alimpoza: betri za gari lile ni nzito, zimelala chini tumboni, litaing'ang'ania barafu kama kupe. Marhoon akacheka mpaka kofia ikamwenda upande. Huyu wanamwita Marhoon Ulaya, kwa kuwa ndege iliwahi kumchelewesha Frankfurt, akaiona theluji dirishani.

"Sikiliza, bwana," alisema. "Gari la umeme halina subira. Ukilikanyaga, nguvu zote zinashuka kwa mpigo mmoja. Tairi zinazunguka, na wewe upo palepale."

"Na baridi inakunywa betri," Zahor akakubali, kwa masikitiko ya fundi.

Thani akasema hamtoi mwana kwa maneno matupu, lazima pafanyike majaribio. Basi Marhoon akaazima kigari cha betri cha hoteli anayofanyia kazi, kile cha kubebea masanduku ya wageni. Zahor naye akasimamisha gari la samaki lililotoka pwani ya Yiti, barafu yote ikamwagwa uani iwe ndiyo theluji, na harufu ya jodari ikatanda. Mwezi wa Julai huo, jua la alasiri linakaanga bati.

Ila kahawa ilikuwa imeshaanza kumiminwa, na watu wa heshima hawainuki mpaka wa mwisho atikise kikombe kuonyesha katosheka. Thani akatikisa upesi. Marhoon akanyoosha chake aongezwe, akanyoosha tena, huku akiisimulia theluji ya Frankfurt chembe kwa chembe. Zahor, dele la kahawa mkononi, hakuwa na la kufanya ila kumimina, maana kumhimiza mnywaji ni aibu kuliko kukwama mlimani.

Walipoinuka, Norwe nzima ilikuwa imeshaingia mferejini. Thani akapanda kigari, akapiga bismillahi, akakanyaga. Kikaukata ua mkavu moja kwa moja, kikageuka, kikarudi.

"Hakikuteleza hata kidogo," alisema Zahor.

"Theluji imekimbia yenyewe," alisema Marhoon.

Thani akampigia mkewe simu nyumbani, kifua mbele. "Mahbuba, wape jawabu, nimeridhia. Gari tumelijaribu, linashika."

"Na kijana mwenyewe mmemuulizia?"

"Linashika kweli," Thani akarudia.

"Nlijua," alisema mkewe. "Nshamuulizia miye. Anasali, mpole, ana kazi yake. Gari ndiyo hana. Lile la jirani, kaliegemea tu kupigwa picha. Yeye huenda kwa miguu."

Thani akaziba simu kwa kiganja, akawageukia wenzake, uso umemsawijika.

"Marhoon, na viatu je? Vinashika?"